Mwalimu na Filimbi
Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini Kenya mwaka 2019, uliifanya rekoda kuwa sehemu ya masomo ya Gredi ya Nne. Huko Mwingi, mwalimu wa makamo aliyelelewa kwa ngoma na filimbi ya wachezaji hulazimika kuanza upya. Tarumbeta hudai midomo iliyozoezwa. Zumari hudai kifua. Rekoda ya plastiki, yenye matundu saba mbele na moja nyuma, hutoa sauti siku ya kwanza. Lakini ipulizwe kwa nguvu, hulia kwa ukali. Ipulizwe polepole, huimba. Tundu gumu kuliziba ni aibu ya kukosea mbele ya watoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwanafunzi amwonapo mwalimu wake akiinama, naye hujifunza kujifunza.