Guka Alisema Wameiba

Wiki jana msee mmoja aliniandikia chini ya video: "Uliacha chuo ndio uje kuiga wazungu?" Nikamjibu na imoji ya kucheka. Usiku nikafuta video tatu. Kilichoniuma ni kwamba hakudanganya. Kuediti nilijifunza kwa kufuata kazi za watu wengine, mkato kwa mkato.

Sasa sikia. Jumapili nilimwonyesha guka picha ya Kawasaki W800, ile nduthi ninayoiota kila siku (bei usiniulize). Akaisogeza simu machoni. "Hiyo ni BSA."

"Hapana guka, ni ya Japani."

Akanirudishia simu. "Basi wameiba."

Nikaenda kuchimba, na manze, mzee hakuwa mbali na ukweli. Mwaka wa 1960 kampuni ya Meguro huko Japani ilitoa pikipiki ya K1, silinda mbili, cc 500, iliyofuata BSA A7 ya Uingereza karibu kila kitu. Baadaye Kawasaki wakaimeza Meguro, na mwaka wa 1966 wakatoa W1 ya cc 624 kutoka ukoo huohuo. BSA yenyewe ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Halafu 1999 ikaja W650 na sura ileile ya kizamani: tangi la mviringo, injini ya kupozwa na upepo, ekzosi mbili ndefu. Na ilitoka kabla Triumph hawajaturudishia Bonneville! Yaani Mjapani alikumbuka pikipiki ya Mwingereza kabla ya Mwingereza mwenyewe. W800 ikafuata 2011, cc 773.

Lakini kilichonikamata kiko pembeni mwa injini. Kuna kama bomba la kung'aa linalopanda hadi juu. Ndani yake mna shafti yenye giya za pembe, ndiyo inayozungusha kamshafti. Pikipiki nyingi za siku hizi hutumia cheni kwa kazi hiyo. A7 haikuwa na bomba hilo kabisa.

Nikamrudia guka, nikavuta picha hadi hapo. "Na hii?"

Akatazama kitambo. "Hii siijui."

Video mbili nimezirudisha. Ya tatu nimeiacha ilale hukohuko. Ile niliiga hadi kicheko cha mwenyewe.