Mganga wa Wagonjwa Wasiosema

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, wengi wenu hutujia na swali moja: twende kusoma nini? Orodha tunaijua kabla hamjaitaja: uganga, sheria, uchumi, ujenzi. Mara chache hutokea mmoja anayesema kwa sauti ya chini kwamba angependa kuwa mganga wa wanyama, naye husema kama mtu anayeomba radhi, maana nyumbani wamekwisha kumcheka. Baba wadogo na wajomba huuliza: tuuze ng'ombe ili mtoto aende kujifunza kutibu mbuzi? Tumefundisha zaidi ya miaka thelathini, na maneno hayo bado yanatushangaza. Katika vijiji vyetu ni ng'ombe, nguruwe na mbuzi waliolipa minervali ya karibu kila mtu aliyesoma, hata ya hao wajomba wanaocheka.

Shule ya kwanza ya uganga huo ilianzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati sotoka ilipokuwa ikiwafyeka ng'ombe wa Ulaya. Ugonjwa huohuo uliingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19, ukaacha makabila mazima ya wafugaji katika njaa. Mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umetoweka duniani. Mpaka leo ni magonjwa mawili tu ambayo wanadamu wameweza kuyafuta kabisa: ndui kwa watu, na sotoka kwa ng'ombe. Katika nchi yetu masomo haya yanatolewa Lubumbashi, katika Chuo Kikuu, na vilevile Butembo, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko.

Anayedhani kwamba ni masomo ya wale walioshindwa mengine, na afungue daftari la mwanafunzi mmojawapo. Mganga wa watu hujifunza mwili mmoja. Huyu hujifunza tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne, la nguruwe lenye chumba kimoja, na la kuku ambaye husaga chakula kwa firigisi kwa kuwa hana meno. Dawa inayomponya mbwa yaweza kumuua paka. Tena mgonjwa wake hasemi panapouma, hupiga teke. Mwanafunzi huvaa mfuko mrefu wa mkono, akauingiza mkono hadi karibu na bega ndani ya ng'ombe, ili ajue kwa vidole tu kama ana mimba. (Wanaopenda mashati meupe, wafikiri mara mbili.)

Na kazi yenyewe ni kwa ajili ya watu. Kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba hupita katika maziwa yasiyochemshwa, vikaingia nyumbani kwetu. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini mbwa sabini katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Sindano ya mbwa, basi, ni ulinzi wa mtoto anayekwenda shule kwa miguu.

Lakini lililo gumu zaidi katika kazi hii tuliliona kijijini, miaka michache iliyopita, homa ya nguruwe ilipoingia. Mwanafunzi mmoja aliyekaribia kumaliza alikuwa likizoni. Aliitwa kwa mama mjane aliyekuwa na nguruwe sita: mmoja amekufa, watatu hawali na masikio yamegeuka mekundu, wawili bado wamesimama. Mnunuzi alikuwa tayari mlangoni na pikipiki yake.

«Mama, usiuze,» kijana alisema.

«Mwanangu, nyama hii inamdhuru mtu?»

Angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeisha hapo. Alijibu: «Hapana, Mama. Mtu haimdhuru.» Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huo hauna dawa, na kwamba damu, matumbo na mabaki ya nyama yakitupwa penye nguruwe wengine, nao watakufa, huko sokoni na vijiji vya mbele.

«Na minervali ya wajukuu wangu utailipa wewe?»

Hakuwa na jibu, nasi pia tuliokuwapo hatukuwa nalo, kwa kuwa hakuna anayemlipa mfugaji mdogo anayezika mali yake kwa faida ya jirani. Mama aliwauza wale wawili waliosimama. Watatu wagonjwa walichinjwa, wakazikwa pamoja na yule aliyekufa. Kijana alichimba shimo na wajukuu mpaka jioni. Hatuwezi kumhukumu mama yule. Kuhusu kijana, tunaona kwamba siku ile alikuwa mganga kamili, ingawa hakuponya hata mnyama mmoja: alikataa kununua utii kwa uongo. Kesho yake nyumba nyingine mbili zilimwita zenyewe kabla ya kumwita mnunuzi.

Hatutawaficha upande wa pili. Masomo ni marefu, na mazoezi yanataka mifugo, wakati vita vimepora ng'ombe wengi wa Kivu na Ituri. Nafasi za Serikali ni chache, na mshahara wake haumtoshi mwenye familia. Wengi wanaomaliza hufungua duka dogo la dawa za mifugo, wakazunguka vijijini kwa pikipiki, na mara nyingi hulipwa kuku.

Anayevutwa na kazi hii asingoje kuandikishwa. Amtafute mganga au muuguzi wa mifugo wa karibu, amwombe amfuate likizo moja, abebe ndoo na kamba, aamke saa tisa za usiku ng'ombe anapozaa vibaya. Wengine hurudi baada ya wiki moja na kuchagua sheria. Wengine hurudi wakinuka zizi, na swali lao la kwanza ni tarehe ya kuandikishwa.