Tulizania ni Malaria, Kumbe ni Jipi

Kama kwenu kuko motokari, ao kama unapandaka motokari ya watu kwenda shamba ao kwenda matanga, nakuomba usome habari hii mupaka mwisho. Wewe kijana unayejifunza kazi ya garagi, usome mara mbili.

Mwaka wa 2008 tulikuwa na jipi moja ya zamani, ya esanse, silinda sita. Sitaji alama yake, kwa sababu kosa halikuwa la wale walioitengeneza. Lilikuwa langu. Kila asubuhi nikiiwasha ilifanya sauti: tik-tik-tik-tik, kama mutu anayegonga kijiko juu ya sahani. Nikisha kwenda kilometa mbili ao tatu, sauti inapotea. Mimi nikafurahi. Nikamuambia muke wangu: «Mama, umesikia? Imejiponyesha yenyewe.» Akanijibu: «Baba, chuma haijiponyeshake.» Nilicheka. Miezi mitatu nilicheka vile.

Ngoja nikueleze ile sauti ilitoka wapi. Pembeni ya moteri kuko chuma kinene chenye matawi, mafundi wetu wanakiita kolekta. Kazi yake ni kukusanya moshi wa silinda zote na kuuingiza katika bomba moja linalopita chini ya motokari mupaka nyuma. Kinamiminwa kwa fonti, na moto wake ni mukali sana: ukipanda mulima na muzigo, unaweza kupita digrii 600. Siku kikipasuka, moshi unapita katika ufa kwa kupigapiga, ndiyo ile tik-tik. Kikipata moto, chuma kinavimba, ufa unajibana, sauti inapungua. Lakini ufa uliojibana haukufungwa. Moshi unaendelea kutoka, ila sasa unatoka kimya.

Mwezi wa kumi na mbili tulitoka Kolwezi kwenda matanga Likasi. Tulikuwa wane: mimi, muke wangu, dada yangu mukubwa, na binti yetu wa miaka 8. Mutoto aliomba kukaa mbele, katikati, karibu na muti wa vitesi, ili aone barabara. Pale chini, ile mpira ya kuziba tundu la vitesi ilikuwa imechanika zamani. Mvua ilikuwa kubwa, tukafunga vioo vyote.

Tulipopita Fungurume, mutoto akasema: «Papa, kichwa inaniuma.» Mama yake akamulaza juu ya mapaja. Kidogo, yeye pia akaanza kushika kichwa. Mimi nilisikia macho mazito, nikazania ni njaa, maana tulitoka bila kula. Dada yangu nyuma aliacha kuimba. Kisha mutoto akatapika, na tulipomuamusha hakuamuka vizuri. Alifungua macho bila kutuona.

Wote tukasema neno moja: malaria. Nani kwetu angesema neno lingine? Tukasimama kwenye dispanseri ya kwanza tuliyoiona. Mama munganga akapima damu, malaria hakuna. Akatuangalia mumoja mumoja, akauliza: «Na wewe papa, kichwa inauma? Na mama? Na huyu mama mukubwa?» Tukakubali wote. Akasema: «Malaria haishikake batu bane saa moja, mu motokari moja. Mulilala na mbabula ndani ya nyumba?» Hapana, hatukulala na mbabula. Basi akatoka nje katika mvua, akaniambia niwashe jipi, akaweka mukono wake pale kwa vitesi. Hewa ya moto ilikuwa inapanda. Akarudi mbio, akamubeba mutoto mupaka barazani penye upepo, na akatafuta motokari ingine ya kumupeleka hospitali Likasi. Huko wakamupa oksijeni. Jioni akaamuka, akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Nilitoka nje nikalia.

Musomaji, sisi wa huku tunaijua hiyo gazi, hata kama hatujui jina lake. Ni ile ile ya makala inayoua familia usiku wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wanapoingiza mbabula chumbani na kufunga mulango. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyoshikwa nayo haibebi tena uzima. Moshi wa motokari una harufu yake, ni kweli, lakini pua inazoea. Miezi mitatu yangu ilikuwa imezoea.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza nilifanya kosa la pili: nilipeleka kolekta kwa kijana mumoja akaiunga na bageti za kawaida, za kuungia milango. Mbele ya juma mbili kwisha, ikapasuka tena, pembeni ya ile sehemu aliyounga. Fonti haipendi moto wa mahali pamoja. Ukichoma hapa na pale pamebaki baridi, inajivuta na kujikata yenyewe. Mutu mwingine akanishauri kuiunga na shaba ya manjano. Sisi watu wa shaba tunaamini shaba inaponyesha yote! Lakini kwenye kolekta shaba hiyo inalegea na moto.

Ndipo nilipofika kwa muzee mumoja wa Likasi, aliyefanya kazi ya kumimina vyuma miaka mingi. Hakuangalia ufa kwanza. Alilala chini ya jipi, kisha akauliza: «Ni nani alikata mukono wa hii bomba?» Aliona kile kishikio cha bomba, chenye mpira, kimevunjika. Nilikuwa nimefunga waya, na waya ukakatika. Kwa hiyo uzito wa bomba lote ulining'inia juu ya kolekta, na katika kila shimo la barabara ulikuwa unaivuta. Tena nilikuwa na desturi ya kuingia katika maji ya barabara kwa kasi, moteri ikiwa ya moto. Muzee akasema: «Unamwanga maji juu ya chungu ya moto, kisha unauliza juu ya nini inapasuka?»

Alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Akachimba ufa kwa jiwe la kusaga, akaifunga kolekta na bulo juu ya bamba nene la chuma ili isipinde. Akaiweka katika nusu ya pipa lenye makala mupaka ikaonyesha wekundu kidogo gizani. Aliunga na bageti za nikeli, kipande kifupi kifupi, urefu wa kidole, na kila kipande alikigongagonga polepole na nyundo ndogo. Kisha akaizika ndani ya majivu ya moto. Nilitaka kuitosha jioni, akanikatalia: «Iache ilale.» Kesho yake alipitisha rula ya chuma juu ya uso wake, akausawazisha, tukaweka zhwanti mupya na kukaza bulo, kuanzia katikati kwenda pembeni, na tena mara ya pili moteri ilipokwisha kupoa.

Iliendelea vizuri. Lakini yeye mwenyewe aliniambia nitafute ingine, maana fonti iliyochomwa miaka mingi inachoka. Niliipata Lubumbashi, imetumika. Alinifundisha namna ya kuichagua: uitundike kwa kamba na kuigonga, nzima inalia kama kengele, iliyopasuka inalia kama kibuyu. Ukiwa na mashaka, paka petroli ya taa upande mumoja na choki upande mwingine, ungoje: ufa utajionyesha, choki italowana.

Ile mpira ya vitesi niliinunua siku ile ile. Ilikuwa bei ya mikate michache.

Binti yetu leo ni mama wa watoto. Akija kwetu, asubuhi anatoka nje mbele ya mutu yeyote kuwasha moteri, anafungua kapo, anasikiliza ikiwa baridi. Kolekta ya zamani iko nyuma ya nyumba, chini ya muembe. Wanunuzi wa vyuma wakipita kuuliza bei yake, muke wangu ndiye anayewajibu.