Jirani wa Msikiti wa Jamia

Wengi wetu tunaoswali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, tumezipita sanamu mbili za simba miaka nenda miaka rudi, tusijue zinalinda nini. Zimekaa mbele ya Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa juhudi za Bibi Lucie McMillan, kumkumbuka marehemu mumewe. Hadi mwaka 1958 milango yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hebu fikiri, ndugu msomaji: upande huu wa uzio watu wa kila rangi wakipanga safu moja, na upande wa pili mtu akitazamwa rangi ya mkono kabla hajakishika kitabu.

Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoasisiwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia ubia na serikali ya Kaunti ya Nairobi ili kuihuisha maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kilichonivutia si rangi mpya za kuta. Kazi ilianzia matawini, kwenye mitaa wanamoishi watu, na wakazi wakaulizwa wanaitaka maktaba ya namna gani.

Swali hilo nimelichukua nyumbani. Binti yangu ana miaka 13, na kila jioni hunifuata jikoni na daftari lake, kwa kuwa sebuleni pana televisheni na chumbani wadogo zake wamekwisha lala. Husoma huku mvuke wa sufuria ukimlowesha kurasa. Mtoto kama huyu anahitaji meza, taa na mahali ambapo mama yake hatakuwa na hofu naye. Nami ningeomba Kiswahili kisitupwe rafu ya chini pembeni, kana kwamba ni mgeni katika mji huu.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, hakubaliani na mengi ya haya. Kwake yeye maktaba ni kimya. Ukileta hadithi za watoto na mikutano, umejenga soko. Namheshimu, lakini kimya kile alichokizoea kilikuwa pia kimya cha watu wasiokuwamo. Watengewe wasomaji chumba chao na watoto chao. Juu ya simba tulikaribiana zaidi: yeye angewang'oa, mimi ningewaacha, ila chini yao paandikwe wazi ni nani waliozuiwa kupita hapo, na mpaka lini.

Lakini kuulizana nako kuna adabu yake. Mkutano wa mtaa ukiitishwa jioni, baina ya magharibi na isha, kina mama tuko jikoni, na watakaosema kwa niaba yetu ni wale wale wasemao siku zote. (Mara ngapi tumesomewa maoni ya wanawake, yakisomwa na mwanamume?) Mikutano na iwe Jumamosi asubuhi, na watoto nao wasikilizwe, maana wao ndio watakaokaa katika viti hivyo.

Binti yangu hakungoja kualikwa. Ameshaandika orodha yake. Nilidhani ingeanza na vitabu. Cha kwanza ni choo cha wasichana chenye maji na komeo.