Lango la Wachina katika mji wa Washington

Tulipokuwa Washington, mji mkuu wa Marekani, tulishuka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, tukapanda ngazi, na mara tukaliona: lango kubwa lenye paa saba, jekundu, kijani na dhahabu, limevuka barabara H kutoka upande huu hadi ule. Magari na mabasi yanapita chini yake. Tulisimama kuhesabu mazimwi yaliyochorwa juu yake, tukashindwa. Wanasema ni 272. Lilijengwa mwaka 1986 kwa dola milioni moja, matunda ya urafiki wa Washington na Beijing. Aliyelichora ni Alfred Liu, Mchina wa mji huo huo.

Kwa macho, ni kitu kizuri sana. Lakini sisi wamama tukifika kartie ngeni tunatafuta kwanza soko. Tulizunguka, tukaona maduka ya viatu, ya kahawa na ya mikate yenye nyama, yote na majina ya Kichina juu ya mlango, maana kanuni za mji zinayataka hivyo. Ndani, Wachina ni wachache. Soko la mboga za kwao hatukuliona.

Hawa watu wamehamishwa zaidi ya mara moja. Zamani walikaa kwenye barabara ya Pennsylvania. Miaka ya 1930 serikali ikataka mahali pale kwa ofisi zake, ndipo wakaja hapa. Kisha mwaka 1997 ukafunguliwa uwanja mkubwa wa michezo ndani ya kartie, na kodi ya nyumba ikapanda. Walikuwa kama 3,000, wakabaki kama 300 tu, wengi wao wazee wanaokaa katika ghorofa la Wah Luck, ambako kodi inasaidiwa na serikali. Kumbe hata mtu aliyejengewa lango la dola milioni anaweza kukosa pesa ya kupanga nyuma yake!

Na mboga je? Duka lao kubwa la vyakula lilifungwa mwaka 2005. Wazee wanapanda basi kwenda jimbo la Virginia, wanaleta majani yao, mchele na samaki. Sisi tunaojua kutembea mbali kwa ajili ya sombe, hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili.