Sataranji Barabara ya 10

Msomaji, ukijaaliwa kufika New York, usiishie kutazama maghorofa. Shuka garimoshi la chini ya ardhi mtaani Greenwich Village, upite kwanza bustani ya Washington Square. Huko utawakuta wacheza sataranji mezani wakiwachokoza wapita njia kwa maneno matamu, wakiwaalika wacheze kwa fedha. Watazame, lakini mkono usitoke mfukoni.

Kisha tembea dakika chache hadi nambari 23, Barabara ya 10 Magharibi. Hapo ndipo yalipo makao ya Klabu ya Marshall, iliyoasisiwa mwaka 1915 na Frank Marshall, bingwa wa Marekani. Hapa ndipo Bobby Fischer, mtoto wa miaka 13, alipomtoa malkia wake sadaka mwaka 1956 na kumshinda Donald Byrne. Mwaka 1965, serikali yake ilipomnyima ruhusa ya kwenda Cuba mashindanoni, alicheza akiwa papa hapa, hatua zake zikipelekwa Havana kwa teleprinta.

Hata hivyo, wengi utakaowakuta usiku wa mashindano ni watu wa kawaida waliotoka kazini. Mwenye vipande vyeupe husogeza askari wa malkia miraba miwili. Mwenzake naye hujibu vivyo hivyo. Mweupe humleta askari wa pili, kama chambo. Mweusi hamli, bali humsimamisha askari wa mfalme kumlinda mwenzake. Ulinzi huo ni imara, ila una gharama: askofu mmoja, kile kipande kiendacho kimshazari, hufungiwa nyumbani na askari wa kwao wenyewe.

Basi saa hutembea na mtu hushika tama. Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alikuwa na dawa yake, na humu klabuni imo meza yenye jina lake. Penye msongamano, alibadilishana vipande, askofu kwa askofu, farasi kwa farasi, mpaka nafasi ikapatikana. Kisha akasukuma askari katikati kumfungulia yule mfungwa njia. Anayechelewa kufanya hivyo hucheza kana kwamba amepungukiwa kipande kizima.

Mchezo ukiisha, wawili hao hupeana mikono, wakapanga vipande upya na kuanza kubishana kwa sauti ya chini ni hatua ipi askofu yule angetoka.