Nilimpima Mpandaji Nikidhani Nampima Farasi

Nilimkosesha farasi mzuri msimu wake wa miaka mitatu. Kosa ni langu. Nililifanya nikiwa na saa mkononi, daftari mfukoni na uhakika tele.

Nafundisha farasi wa mbio katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Mbio zetu zipo fupi za mita elfu moja na ushei, na zipo ndefu kama Derby ya Kenya, mita 2,400. Mkufunzi asipojua farasi gani ni wa umbali gani, mengine yote ni kazi bure. Wa mita 1,200 ukimpeleka 2,000, ataongoza vizuri kisha ataishiwa mbele ya watu. Wa 2,000 ukimpeleka 1,200, wenzake watakuwa wamemaliza yeye ndiyo kwanza anachangamka. Farasi hasemi umbali wake. Mimi nikaamua saa itamsemea.

Tabia hiyo niliitoa kwenye magazeti ya mbio ya Marekani. Kule mazoezi ya asubuhi hupimwa kwa saa na matokeo huchapishwa, mengi yakiwa ya karibu mita 800 au 1,000. Farasi aliyekuwa na muda bora wa siku katika umbali wake huwekewa kitone cheusi, na wacheza kamari hukitafuta kitone hicho kwa macho mawili. Niliona ni elimu kubwa. Sikujiuliza elimu hiyo inajibu swali gani.

Farasi mwenyewe alikuwa jike, mwekundu, mwenye kifua kipana na makalio mazito. Mtu yeyote wa zizini angekwambia kwa kumtazama tu kwamba huyo ni wa mbio fupi. Nami niliambiwa. Lakini nilikuwa na namba. Asubuhi moja alikimbia mita 800, nami nikabonyeza saa kila baada ya mita 200: sekunde 13.6, kisha 12.9, kisha 12.3, na za mwisho 11.8. Kila kipande kilikuwa na kasi kuliko kilichotangulia. Nikajiambia kwamba farasi anayezidi kuongeza mwendo kadiri anavyokwenda ana pumzi isiyokwisha, na kwamba kumwingiza mbio fupi ni kumpotezea muda.

Ubaya ni kwamba nilikuwa na mfano wa kujidanganyia. Mwaka 1973 Secretariat alishinda Kentucky Derby, karibu mita 2,000, kwa dakika 1 na sekunde 59.4, na kila robo maili aliikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia. Basi nikauona mpangilio uleule kwenye daftari langu. Ndiyo, nilimlinganisha farasi wangu, ambaye alikuwa hajashinda chochote, na Secretariat. Nikawaambia na wenye farasi. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mbio ya kwanza tulimwingiza mita 2,000. Aliingia kwenye mnyoofu wa mwisho akiongoza. Zilipobaki kama mita 400 mikono ya joki ikaanza kazi, masikio ya farasi yakalala, hatua zikafupika, na wenzake wakampita mmoja mmoja kana kwamba amesimama. Niliwaambia wenye farasi kwamba joki alimwachia mapema mno. Tukambadilisha joki. Mbio iliyofuata, ndefu zaidi, mambo yakawa yaleyale, na mara hiyo nikalaumu mvua iliyolainisha nyasi. Baadaye nikalaumu uzito aliopangiwa. Saa sikuilaumu hata siku moja.

Aliyenizindua ni kijana anayempanda mazoezini. Nilikuwa nimemkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, namwonyesha daftari, namweleza vile vipande vinne kama mwalimu wa hesabu. Alizitazama namba, akauliza kwa heshima zote: "Mzee, si wewe uliniambia nimshike mwanzo, nimwachie mwisho?"

Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia kila asubuhi. Nikafungua kurasa za nyuma, nikaona mpangilio uleule, si kwa jike yule tu bali kwa farasi wangu wote aliowapanda. Wa mbio fupi, wa mbio ndefu, hata yule mzee tuliyekuwa tukimtunza kwa sababu ya huruma: wote walianza taratibu na kumalizia kwa kasi. Kijana alikuwa mtiifu na mwenye mikono ya kuaminika. Nilitoa amri, amri ikatekelezwa, nami nikaisoma kama tabia ya farasi. Nilikaa kimya, kisha nikamuuliza akiachiwa mwanzoni huwaje. Akasema: "Hashikiki. Mikono inaniuma mpaka jioni." Jibu hilo lilikuwepo tangu mwanzo. Sikuwahi kuliuliza.

Hata kama mwendo ungekuwa wa farasi mwenyewe, bado ningekuwa nimekosea. Alikuwa peke yake, hana wa kumsukuma. Nilibonyeza saa akiwa tayari anakwenda shoti. Na sekunde 50 ni chache. Farasi akianza kukimbia, wengu wake humwaga kwenye damu akiba ya chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, na misuli ina nguvu nyingine ya haraka isiyosubiri pumzi. Mita 2,400 huchukua karibu dakika mbili na nusu, na anayeweza kuhimili hujulikana katika dakika ile ya mwisho. Kuamua kwa mita 800 ni kumwona mtu akikimbilia matatu ukamsajili kwa marathoni.

Tena nilijua kwamba mambo haya yako ndani ya mwili. Mwaka 2010 Emmeline Hill na wenzake wa University College Dublin walionyesha kwamba aina ya jeni ya miostatini, inayohusika na ukuaji wa misuli, inaendana na umbali unaomfaa farasi: fupi, wa kati au mrefu. Habari hiyo nilipenda kuwasimulia wageni. Misuli iliyokuwa mbele yangu kila asubuhi sikuisoma.

Tulimshusha hadi mita 1,200 msimu ukiwa unaisha. Alishinda bila kuguswa kiboko. Nilipiga makofi na uso ukaniwaka. Mbio za farasi wa miaka mitatu hazirudi. Mwaka uliofuata alikuwa anapambana na waliokomaa. Wenye farasi walikuwa wamelipa chakula, kwato, daktari na ada za kuingia mbio, na mmoja wao aliuza sehemu yake kabla ya ushindi huo. Joki niliyemsingizia alikosa farasi ambaye angemfaa. Nilimfuata nikamwomba radhi mbele ya wenye farasi walewale. Alikubali. Farasi alikuwa ameshapewa mwingine.

Saa bado ninayo. Inanifaa kujua kama farasi wa wiki hii ana nguvu kuliko alivyokuwa wiki iliyopita, akikimbia umbali uleule kwa amri ileile. Kando ya kila muda sasa naandika nilichomwagiza mpandaji, maana bila hiyo namba haina maana hata kwangu. Natazama pia anavyokwenda baada ya kupita mahali pa kumalizia, na anachukua muda gani ubavu wake kutulia. Swali la umbali nampelekea joki siku ya mbio, anaposhuka, kabla hajafungua tandiko. Akinijibu nisilolipenda, naliandika vilevile.